Chakula cha Mwitika Yowe

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi waliokusanyika Robanda kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Katika sikukuu kama hii ni desturi kuhesabu yaliyopatikana. Walionitangulia kusema wamekwisha kuhesabu, nao wamehesabu vizuri: magunia yaliyopimwa, maghala yaliyojengwa, na fedha zilizowafikia wakulima. Mimi nimepewa kazi nyingine. Kamati imeniomba niseme juu ya watu ambao hawaonekani katika hesabu zetu, ijapokuwa pasipo wao hesabu hizo zingekuwa fupi sana. Hao ni wale watokao wa kwanza yowe lipigwapo usiku.

Neno langu ni moja tu, na yafaa nilitamke tangu mwanzo ili kila mtu alipime ninapoendelea. Kijiji kisichowalisha waitika yowe wake, kitakuja kupiga yowe usiku mmoja na asitoke mtu.

WAITIKA YOWE NI AKINA NANI

Hatuna haja ya kuelezwa mahali tulipo. Robanda iko mlangoni mwa Serengeti. Hifadhi ya Taifa iliundwa mwaka 1951. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Baadaye vijiji vitano, yaani Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso, vikatenga ardhi yao wenyewe kwa ajili ya wanyama, nayo ndiyo Jumuiya ya Ikona. Kwa hiyo jirani yetu wa karibu ni tembo, na tembo hasomi ramani. Mtama ukianza kukomaa, yeye hupata habari kabla ya karani wa Chama.

Basi mwitika yowe wa kwanza ni mlinzi wa shamba, yule anayelala juu ya dungu na kurunzi yake, akipiga mabati na kupuliza honi mpaka kuche. Wa pili ni askari wa wanyamapori wa kijiji, kijana wa hapa hapa, anayekwenda kwa miguu kuwarudisha tembo porini na kuwazuia majangili. Wa tatu ni sungusungu na wenzi wake. Hao, toka Tarime mpaka huku kwetu, hufuata nyayo za ng'ombe walioibwa pasipo kujua watalala wapi. Wa nne ni watu wa moto, ambao wakati wa kiangazi hukata matawi mabichi wakaenda kupigana na moto wa nyika. Wa tano ni mhudumu wa afya wa kitongoji, anayegongewa mlango wakati mama anapopata uchungu au mtu anapokanyagwa na nyati.

Pengine mtu atasema, Je, Serikali haina polisi, haina zimamoto, haina askari wa hifadhi? Inao, nao hufanya kazi kubwa. Lakini njia ni ndefu na usiku ni mfupi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ndani yake mlikuwa na watu 43. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 waliokoka. Kadhalika, mwezi wa Oktoba 2020, moto ulipoiunguza Kilimanjaro, mamia ya watu walipanda mlima kwa miguu kwenda kuuzima. Mambo haya yatufunza kwamba, popote pale duniani, anayefika kwanza ni jirani. Na jirani huyo aghalabu huwa ametoka nyumbani kwake bila kula.

DENI LISILOANDIKWA

Tutazame jambo hili kwa macho ya wanaushirika, yaani kwa hesabu. Gunia la mtama lifikapo kwenye mizani ya Chama, karani huandika uzito, jina la mkulima na bei. Haandiki kwamba gunia hilo lililindwa usiku arobaini. Haandiki kwamba kijana aliyelilinda alinyeshewa, akaumwa na mbu, akashinda shambani asubuhi yake kama watu wengine. Gharama hiyo ipo, lakini haikuandikwa popote. Na gharama isiyoandikwa hulipwa na mwili wa mtu.

Serikali yetu, kwa kanuni za mwaka 2011, imeweka malipo kwa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyama, nayo huitwa kifuta jasho. Na kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, nayo huitwa kifuta machozi. Majina yenyewe ni ya kweli: kufuta jasho si kulipa jasho. Walakini hata hayo huja baada ya hasara. Yule aliyeizuia hasara isitokee hana jina katika fomu yoyote. Tembo akigeuka akarudi porini, hapana mtu anayekuja kupima shamba.

Matokeo yake tunayaona. Vijana wameanza kuuliza maswali. Mmoja asema, "Nikienda nikaumia, nani atawalisha watoto?" Mwingine asema, "Jana nilikwenda. Leo na aende mwenye shamba." Wazee hukasirika wakisikia hivyo, wakasema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Mimi nasema moyo wanao. Walichokosa ni chakula, usingizi, na mtu wa kuwaambia ahsante. Wahenga wetu hawakusema mcheza kwao hulaumiwa. Walisema, Mcheza kwao hutunzwa.

Na liko jambo jingine, nalisema kwa heshima ya wote waliopo. Tunamtuma kijana akalinde pori lililojaa swala na nyumbu, na tumbo lake ni tupu, na nyumbani kwake mboga ni chumvi. Kijana huyo twampa majaribu mawili kwa pamoja: kumshinda jangili, na kujishinda mwenyewe. Kumlisha ni kumsaidia katika vita vyote viwili.

YAFAA ALE NINI, NA WAKATI GANI

Chakula cha mwitika yowe hakihitaji kununuliwa mjini. Karibu chote kimo mashambani mwetu na ziwani Musoma. Yafaa kukigawa katika nyakati tatu.

Kwanza, kabla ya kwenda. Mlinzi wa zamu na ale jioni, saa mbili au tatu kabla ya kupanda dungu, ili chakula kitulie: ugali wa mtama au wa mahindi, pamoja na maharage au dagaa, na mboga za majani. Dagaa tusiwadharau kwa udogo wao. Wanaliwa pamoja na mifupa yao, na kwa hiyo huupa mwili protini na madini ya kujenga mifupa kwa bei iliyo ndogo kuliko ya nyama. Mchicha na mgagani huongeza damu; lakini chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya faida hiyo isiingie mwilini. Chai na inywewe baadaye.

Pili, wakati wa kazi. Hapa adui wa kwanza ni kiu. Mtu anayepigana na moto juani aweza kutokwa na jasho hata lita moja kwa saa moja. Akingoja mpaka aone kizunguzungu, amekwisha chelewa. Basi kila kundi liwe na mtu wa maji, ambaye kazi yake ni hiyo tu, kama vile jeshi lina mpishi. Uji mwepesi wa ulezi uliotiwa sukari na chumvi kidogo hufaa kuliko maji matupu, maana jasho huondoa chumvi pia. Togwa na maziwa ya mgando hufaa vilevile. Cha kutafuna kiwe kile kisichohitaji moto wala sahani: karanga zilizokaangwa, au viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, ambavyo jirani zetu Wasukuma huviita matobolwa. Mfuko wa kiasi cha kiganja wamtosha mtu mpaka alfajiri.

Tatu, baada ya kurudi. Wakati huu husahauliwa kuliko zote. Watu hurudi asubuhi, kila mtu akaenda kwake, na wengi hulala na njaa au huamkia jembe. Uji wa moto wenye maziwa au unga wa karanga, uliowekwa tayari mahali pamoja, huurudishia mwili nguvu. Tena huwakusanya watu, wakahesabiana, ikajulikana nani ameumia na nani hajarudi.

Sasa niseme juu ya muhogo, maana ni chakula chetu cha akiba na ndicho kinachowahiwa watu wakiwa na haraka. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime kama ilivyokuwa siku zile, watu walipatwa na ugonjwa uitwao konzo. Mtu huamka miguu yote miwili imekakamaa, na ulemavu huo hauponi. Waganga walipochunguza waliona kwamba haukuwa uchawi wala maradhi ya kuambukiza. Watu walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao, kwa sababu ya njaa, haukulowekwa wala kuvundikwa kwa muda wa kutosha, na chakula chenye protini kilikuwa haba. Sumu iliyobaki ikawaharibu. Kwa hiyo muhogo mchungu uvundikwe au ulowekwe kwa siku zake zote, ukaushwe vema, ndipo usagwe. Nao uliwe pamoja na dagaa, maharage au karanga. Unga wa haraka haraka usiingie kamwe katika chakula cha walinzi.

Kadhalika karanga na mahindi. Nafaka ikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Ghala la Chama, lenye sakafu kavu na chaga za mbao, ndilo mahali pa kuweka chakula cha walinzi, wala si uvungu wa kitanda cha balozi.

POMBE SI POSHO

Nitalisema jambo hili wazi, kwa kuwa wote twalijua. Mahali pengi zawadi ya mwitika yowe ni pombe. Ng'ombe wakirudi, mwenye ng'ombe hutoa pombe. Tembo wakifukuzwa, mtu huleta chupa ya gongo dunguni "ya kuondoa baridi". Nia ni njema, lakini zawadi ni mbaya. Pombe haiondoi baridi. Huleta damu karibu na ngozi, mtu akaona joto, kumbe joto lake lampotea. Humkausha maji. Humwongezea ushujaa na kumpunguzia hadhari, na mbele ya tembo dume hadhari yafaa kuliko ushujaa. Gharama ya chupa moja ingenunua dagaa za kundi zima. Mwenye kutaka kushukuru na alete mbuzi, au sukari ya uji.

USINGIZI NA MOYO

Mwili haulishwi kwa chakula peke yake. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu aliyekwisha kunywa. Mlinzi aliyelima mchana kutwa, kisha akakesha, hupita kipimo hicho kabla ya usiku wa manane. Kwa hiyo zamu ziandikwe. Mtu akeshe usiku mmoja, apumzike usiku ufuatao. Na asubuhi ya zamu asiitwe kwenye msaragambo. Dungu liwe na chandarua, maana mlinzi anayeugua malaria ni shamba lisilo na mlinzi.

Tena kuna majeraha yasiyotoka damu. Aliyembeba mwenzake aliyekanyagwa, au aliyefika kwenye boma lililochomwa, hurudi na picha hizo kichwani. Pengine hapati usingizi, hugomba na mkewe, hushtuka akisikia tawi limevunjika. Desturi yetu humwambia mwanamume anyamaze. Lakini kunyamaza si kupona. Hatutakiwi kumlazimisha aseme. Yatosha mtu mzima anayemheshimu akae naye, amsikilize kama akitaka kusema, ahakikishe amekula na ana mahali pa kulala, na hali hiyo ikidumu kwa majuma ampeleke kwa mganga wa zahanati. Wazee wetu waliokaa na vijana motoni usiku walifanya kazi hii kabla haijapewa jina.

KWA NINI USHIRIKA

Liko swali ambalo najua linangoja katika vinywa vya viongozi: Je, hii ni kazi ya Ushirika? Chama kiliundwa kuuza mazao, wala si kupika uji.

Nalijibu kwa historia. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, ambao Ushirika wa dunia huwaita baba zake, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844. Hawakuanza kwa benki wala kwa kiwanda. Walianza kwa unga, siagi, sukari na mishumaa, kwa sababu watu wao walikuwa wakila chakula kibovu kwa bei kubwa. Ushirika ulizaliwa jikoni. Na mwaka 1995, vyama vya ushirika vya dunia vilipokutana Manchester, viliongeza katika misingi yao msingi wa saba, yaani kuijali jamii. Kwa hiyo anayesema uji si kazi yetu amesahau tulikotoka.

Nalijibu pia kwa faida. Mazao yasiyolindwa hayafiki kwenye mizani. Ng'ombe walioibwa hawalipi mkopo. Fedha itakayotumika kwa chakula cha walinzi si sadaka. Ni gharama ya kuzalisha, kama mbegu na magunia.

MASHAURI

Kwa hayo naleta mashauri manne mbele ya vyama vya msingi.

La kwanza, kila mwanachama atoe wakati wa mavuno kilo 3 za nafaka na nusu kilo ya karanga. Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 200. Watapata kilo 600 za nafaka na kilo 100 za karanga. Kundi la walinzi 12, kila mmoja akila nusu kilo ya unga, litatumia kilo 6 kwa usiku. Nafaka hiyo itawalisha usiku 100, na karanga zitawapa kilo moja kila usiku. Tembo mmoja mkubwa aweza kula hata kilo 150 za majani kwa siku moja tu. Sisi twaombwa kilo 3 kwa mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, chakula hicho kiwe na daftari lake na mtunzaji wake, tofauti na mali nyingine ya Chama, nacho kikaguliwe pamoja na hesabu nyingine. Nasema hivi kwa sababu chakula cha watu wote hupungua haraka kuliko chakula cha mtu mmoja. Atakayekula ni yule ambaye jina lake limo katika orodha ya zamu, au aliyeonekana kwenye tukio. Hatakula kwa ukoo wala kwa cheo.

La tatu, wapishi wasisahauliwe. Tukisema "uji uwe tayari alfajiri", twajua nani atakayeamka saa tisa za usiku kuteka maji. Akina mama watakaopika nao ni waitika yowe. Waandikwe katika zamu, wapunguziwe kazi nyingine, na kuni na maji viletwe na wanaume mchana.

La nne, mwitika yowe akiumia, chama chake kiilishe nyumba yake mpaka atakaposimama. Na akifa, watoto wake wasipungukiwe chakula mpaka mavuno yajayo. Hili ndilo jibu la yule kijana anayeuliza, "Nani atawalisha watoto?" Leo hatuna jibu la kumpa. Tukilipitisha shauri hili, tutamjibu, "Sisi," naye atalichukua rungu lake atoke.

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi ni umri wa mtoto aliyekwisha kuweza kuchunga. Chama chetu kimejifunza kupima, kuandika na kuuza. Sasa na kijifunze kuwatunza wanaokilinda. Naomba mashauri haya yajadiliwe na kila chama cha msingi kabla ya msimu wa palizi, ili mtama utakapotoa masuke chakula cha walinzi kiwe kimekwisha ingia ghalani.

Udumu Ushirika wetu, na wadumu wale wanaokesha ili sisi tulale.